Nilivyobalansi gimbal ili Bibi yangu aiage Mlingotini bila kizunguzungu

Wakuu, za mchana. Mlioko kazini mnajifanya mnaandika ripoti, mliofunga duka mkapumzika, na mliolala mmeweka simu kifuani, wote nawasalimu kwa heshima.

Hii si chai ya kutunga. Mwenye hamu ya chai aende jikoni kwake. Ninayoeleza hapa yamenitokea mimi mwenyewe, na shahidi yupo chumba cha pili, anakohoa makusudi ili nijue anasikia ninavyoigonga hii kibodi.

Kwa wasionijua: mimi ni mtu wa ndani. Naishi Bagamoyo mjini, shule niliishia kidato cha nne, na kazi yangu ni kuediti video za harusi zilizopigwa na watu wengine. Wao wanakanyagwa kwenye vigodoro, wanakula vumbi, wanagombana na mashangazi wa bibi harusi. Mimi naletewa memori kadi, nakaa na feni yangu, nakata, naunganisha, naweka maua pembeni.

Mke wangu Rehema husema siku nikionekana barabarani watu huuliza nani kafa.

Baadhi yenu mtaukumbuka uzi wangu wa mwanzo, ule wa kuomba msaada kwamba gimbal inatetemeka kama ina homa. Mlinicheka vya kutosha. Kuna mmoja alinishauri niipe panadol asubuhi na jioni. Lakini katikati ya vicheko mlinisaidia, halafu mimi nikapotea bila kurudi kusema ilikuwaje. Nimerudi kusema ilikuwaje, na kusema asante.

Sasa vuta kiti.

Nina bibi, mzaa mama, anaitwa Bi Zuhura. Kwetu pwani bibi na mjukuu wake wa kiume wana utani wao, mjukuu ni mume. Kwa hiyo Bibi ananiita "mume wangu" na Rehema anamwita "mke mwenzangu". Hao wawili wakikaa pamoja kumenya vitunguu, mimi sina changu. Wananigawana kama mkate, na kila mmoja anamsukumia mwenzake kipande.

Bibi kaishi Mlingotini umri wake wote. Kalima mwani pale, kazaa pale, kamzika mumewe pale. Kisha ukamwingia ugonjwa wa kizunguzungu. Daktari alisema tatizo lipo ndani ya sikio.

Akikaa ametulia ni mzima kabisa, mdomo unafanya kazi kuliko redio. Lakini mpakie kwenye chombo chochote chenye magurudumu, dunia yote inampindukia. Anatapika mpaka anaishiwa nguvu.

Siku alipozidiwa tulimleta kwangu. Alibebwa na kuingizwa kwenye gari akiwa hajui yuko wapi. Mlingotini na mjini si mbali, ila alipofika alikuwa kama nguo iliyokamuliwa. Tangu siku hiyo hajarudi, na hakuna anayethubutu kumpandisha gari tena.

Nyumba yake kule ni ya udongo na makuti. Imeshaegemea upande mmoja kama mtu anayesikiliza maneno ya jirani. Mjomba Kassimu, mtoto wake mkubwa, akaamua kuibomoa ajenge ya matofali kabla masika hayajaingia. Hakukosea. Ile nyumba masika mengine isingeyamaliza.

Bibi akakubali bila ubishi. Ila akasema neno moja, na hili neno ndilo uzi wenyewe:

"Wabomoe. Lakini mimi pale sijaaga. Nilitolewa kama gunia."

Wakuu wa bara mnivumilie hapa. Kwetu mtu akienda dukani kununua kiberiti anaaga. Akirudi anapiga hodi kwenye nyumba yake mwenyewe. Sasa mtu aliyekaa mahali umri mzima, akaondoka bila kumpa mkono hata jirani wa ukuta kwa ukuta, hilo lilikuwa limemkaa kooni. Tulikuwa tunamsikia akisema peke yake akidhani tumetoka: "Sijui Mwanakombo ananionaje."

Bi Mwanakombo ni jirani yake huyo wa ukuta kwa ukuta.

Rehema akasema, "Si umpigie video? We kazi yako nini?"

Kazi yangu ni kuediti, nikamjibu, kupiga ni idara nyingine. Nikampigia simu Mjomba Kassimu nikamwomba arekodi kwa simu yake, kuanzia barabarani mpaka mlangoni kwa Bibi. Mjomba akarekodi. Mjomba anarekodi kama anavyotembea, na anatembea kama anadaiwa.

Tukamwekea Bibi kwenye skrini yangu kubwa. Hata duka la barabarani hatujalipita, akashika ukingo wa kitanda kwa mikono yote miwili.

"Zima! Zima mume wangu, naanguka!"

Kumbe hata macho tu yanamtosha. Picha ikiyumba, kwake ni sawa na yuko ndani ya bajaji. Beseni likaletwa. Alipotulia akajifuta mdomo, akasema, "Basi. Nimeridhika."

Kwa sauti ya mtu ambaye hajaridhika hata kidogo.

Hapo ndipo mtu wa ndani akaamua kutoka nje.

Nina binamu yangu anaitwa Shabani, yeye ni mpigaji hasa wa harusi. Akaniazima kamera na gimbal. Kwa wasioijua gimbal: ni mkono wa kushikia kamera, una viungo vitatu na kila kiungo kina mota. Wewe ukiyumba, mota zinarudisha, kamera inabaki imetulia. Ndiyo zile video unaona mtu anamfuata bibi harusi kama anaelea juu ya maji.

Shabani alinipa begi akanionya jambo moja tu, nisilidondoshe. Mengine akadhani nayajua. Na mimi, kwa kuwa video zake naziediti miaka yote na huwa namkosoa, ningeulizaje?

Nikafunga kamera juu, nikawasha.

Jamani. Ile kitu iliunguruma kama nyuki wamefungiwa kwenye debe. Kamera ikainamisha kichwa, ikainuka, ikainamisha tena. Nikaishika kwa nguvu ili itulie, ikazidi. Mota zikapata moto. Rehema alikuwa mlangoni na ufagio.

"Imekukataa," akasema.

Ndipo nikaandika ule uzi. Na mkuu mmoja humu, anayejiita Tripodi Moja, badala ya kucheka akaniomba picha. Nikapiga nikatuma. Akajibu kwa mistari ambayo nimeikariri mpaka leo: zima kwanza, mota hazipo kubeba kamera, zipo kusahihisha makosa yako madogo. Ukiipa kamera isiyobalansiwa, unaipa kazi ya kubeba mzigo na kucheza ngoma kwa pamoja.

Halafu akaniuliza kwa upole: "Mkuu, huo mkanda wa kamera unaoning'inia ni wa nini? Na lenzi mbona umeiacha na kifuniko?"

Wakuu, nilikuwa nabalansi kamera iliyovaa kofia na mkufu.

Nikavua vyote. Nikaweka betri na kadi kabisa, maana vyote vina uzito. Gimbal ikiwa imezimwa, nikalegeza kiungo cha kwanza, kile cha kuinama na kuinuka, nikaanza kusogeza kamera mbele na nyuma kidogo kidogo. Ukiiachia ikianguka mbele, rudisha nyuma. Ikianguka nyuma, sogeza mbele. Unatafuta mahali ambapo ukiiachia inakaa hapohapo, kama mtoto aliyepata ziwa.

Nikadhani nimemaliza. Nikaielekeza lenzi juu darini, ikadondoka chali. Kumbe hata wima ina balansi yake. Ndipo nikaenda kiungo cha pili, cha kulala ubavu, kulia na kushoto. Kisha cha tatu, cha kuzunguka, huko unainamisha mpini mzima na kuangalia mkono unajizungusha au umetulia.

Ni kazi ya kutia usingizi. Unasogeza upana wa ukucha, unaachia, unatazama. Unasogeza nusu ukucha, unaachia. Skrubu ukiikaza tu, kamera nayo inasogea, unaanza upya. Mimi mtu wa ndani nilijikuta nimepata mchezo wangu. Rehema akapita na uji: "Na mimi ungenitazama hivyo tungekuwa na watoto kumi."

Nilipoiwasha, haikutoa sauti. Haikutikisika. Ilinyanyua uso taratibu ikatazama mbele kama shehe. Nikapiga takbira peke yangu sebuleni.

Bado kutembea. Gimbal inazuia kuyumba, haizuii kuruka kwa hatua zako, kwa hiyo unakunja magoti unatembea kwa kisigino kwanza halafu vidole. Nikawa nafanya mazoezi ukumbini, kutoka jikoni mpaka chumbani kwa Bibi. Bibi akanitazama kwa masikitiko.

"Mume wangu, kama tumbo linakukata, choo kiko wazi."

Yeye ndiye alikuwa kipimo changu. Narekodi ukumbi, namwonyesha, beseni likiwa karibu. Klipu za mwanzo alifumba macho. Zilizofuata akatazama nusu. Mpaka siku moja akatazama klipu nzima ya ukumbi wetu, kuanzia kwenye mapipa ya maji mpaka kwenye pazia, akasema, "Huyu mke mwenzangu hafagii nyuma ya mlango."

Tukacheka mpaka machozi. Ilikuwa na maana moja tu: haoni kizunguzungu, anaona vumbi.

Asubuhi iliyofuata nikaenda Mlingotini.

Nikapanga kila kitu kama mtaalamu. Nitarekodi mara moja bila kukata, kuanzia dukani barabarani, nipite msikitini, nipite uwanja wanaoanikia mwani, kwa Mzee Athumani fundi baiskeli, barazani kwa Bi Mwanakombo, mpaka mlangoni kwa Bibi. Mikono miwili kwenye mpini, viwiko vimebana mbavu, magoti yamekunjwa, pumzi natoa kidogo kidogo. Sauti sikujali. Niliwaza nitaweka kaswida kwa nyuma nikifika nyumbani.

Nikaondoka.

Dukani mtu akaniita, "Karibu mgeni!" Nikatabasamu kwa macho. Kwenye uwanja wa mwani wanawake wakaacha kugeuza mwani, mmoja akapunga mkono, akasema habari za mjini. Nikateleza. Mzee Athumani akainuka kabisa kwenye kigoda chake, akaujua uso wangu, akanyoosha mkono. Mimi na magoti yangu nikauzunguka ule mkono kwa ustadi mkubwa, kamera haikutikisika hata chembe.

Barazani Bi Mwanakombo alisimama akaniita kwa jina. Nikapita.

Nikafika mlangoni kwa Bibi, nikasimamisha, nikatazama nilichorekodi palepale. Mafuta ya nazi, wakuu! Ile picha ilimiminika. Nikafunga vitu vyangu nikaondoka haraka nikawahi gari, niko juu mawinguni.

Jioni tukamkalisha Bibi, mito mgongoni, beseni pembeni kwa heshima tu. Nikawasha.

Akatazama. Hakushika kitanda. Duka likapita, msikiti ukapita, akawa anasogeza kichwa taratibu kama anatembea kweli. Beseni halikuguswa. Rehema akanibana mkono kwa furaha.

Ilipoisha Bibi akanyoosha kidole kwenye skrini. Kisha akasema, "Rudisha kwa Athumani."

Nikarudisha.

"Simamisha hapo."

Kwenye skrini kubwa, Mzee Athumani kasimama na mkono wake umenyooka, una mafuta ya cheni kwenye vidole, unangoja.

"Huo mkono mbona umeukwepa?"

Nikaanza kueleza habari za mota na viungo vitatu. Bibi akanikatiza kwa kiganja. Akasema, "Na Mwanakombo kakuita jina. Nimeuona mdomo wake."

Kisha akasema, polepole, wala hakukasirika, na hilo ndilo baya zaidi:

"Nilitoka kama gunia. Na leo umenipitisha kijijini kwangu kama mwizi."

Akajilaza akageukia ukutani.

Rehema ana maneno ya kila tukio. Siku ile aliliokota beseni tu akatoka nalo. Hapo ndipo nikajua nimeharibu kweli.

Nilikaa na ile video nikaitazama tena bila ufundi. Ilikuwa safi. Na ilikuwa ni video ya watu wanaosalimu na hakuna anayeitikia. Niliibalansi kamera kwa ukucha na nusu ukucha, nikasahau nimetumwa kufanya nini. Nilitumwa kuaga. Sasa unaagaje watu ukiwa umebana viwiko?

Nikawaza: nirudi, lakini niamkie kila mtu, nimpe kila mtu mkono. Na huo mkono ni wa kulia, wakuu, hatuna mjadala. Kumpa mtu mzima mkono wa kushoto pwani ni heri ungempita tu.

Kwa hiyo gimbal lazima ishikwe kwa kushoto peke yake. Mtu wa kulia kama mimi, mkono wa kushoto kazi yake ni kushikilia sahani. Na nilipojaribu nikagundua kitu: kwa mikono miwili unaweza kuficha balansi mbovu. Kwa mkono mmoja haifichiki. Upande ukizidi kidogo tu, mpini unajipinda kiganjani na kifundo kinaanza kuuma.

Juu ya hilo, sasa sauti ilitakiwa. Nikaazima maiki ndogo ya kupachika juu ya kamera, ile yenye manyoya ya kuzuia upepo. Nikaipachika, na balansi yote ikafa. Nikaanza upya. Rehema akaitazama maiki: "Sasa mmekuwa wawili mnaohitaji kunyolewa."

Alipoanza kunitania nikajua kuna tumaini.

Yeye ndiye alinifundisha, kusema kweli. Aliweka stuli ukumbini, akajitanda khanga, akakaa kama mzee wa baraza. Mimi natokea jikoni na gimbal mkono wa kushoto, magoti yamekunjwa, nikimfikia natoa wa kulia.

"Shikamoo bibi."

"Sijasikia."

"Shikamoo bibi!"

"Marahaba, mjukuu wangu. Za nyumbani? Mkeo hajambo? Unamtunza lakini? Nasikia nguo mpya hajaiona siku nyingi."

Anahamisha stuli mbele, nakuja tena. Nimemwamkia mke wangu shikamoo kuliko nilivyomwamkia mwalimu yeyote wa sekondari. Alikuwa akinishika mkono hauachii, anauvuta makusudi, kwa kuwa wazee ndivyo wanavyofanya, na mimi kazi yangu kushoto pasitikisike.

Bibi alikuwa anasikia yote kutoka chumbani. Siku ya tatu nne hivi nikasikia sauti: "Mke mwenzangu, mwambie ainame kidogo anapoamkia. Amekakamaa kama kijiti."

Tukawa tumesamehewa nusu.

Halafu Mjomba akapiga simu. Wingu limejaa upande wa bahari, mafundi wameshaleta matofali, kesho wanataka kuanza kushusha makuti. Nikamwambia anisubiri niingie kwanza. Akasema, "Njoo mapema, na safari hii usinitie aibu. Watu wameniuliza kama mpwa wangu ana kiburi au ana ugonjwa."

Nikafika asubuhi. Pale dukani nikaifungua gimbal, nikaona kamera imesogea kwenye begi. Balansi hakuna.

Nikaomba ndoo, nikaigeuza, nikaanza kubalansi juu ya kitako cha ndoo mbele ya duka. Sogeza, achia, tazama. Watu wakajaa. Mmoja akauliza napima nini, mwingine akamjibu anapima mvua. Mwenye duka akaniuliza, "We si yule uliyepita siku ile umebanwa?"

Nikaona kujificha hakunisaidii. Nikawaambia ukweli. Bi Zuhura hawezi kupanda gari. Nyumba inabomolewa leo. Nimekuja na macho yake haya, anataka kuwaaga.

Kicheko kikakatika. Mama mmoja akajifunga khanga vizuri, akaondoka mbio kuelekea ndani ya kijiji, na sandali moja akaiacha hapohapo. Nikajua habari imetangulia.

Kamera ikatulia kwenye ndoo, ikakaa popote nilipoielekeza. Nikawasha. Kimya. Nikaishika kwa kushoto, nikasema bismillah.

Wakuu, njia nzima watu walikuwa wametoka.

Nilikuwa nimejiandaa kuwaamkia mimi. Niliamkia, mkono nikatoa, lakini wenyewe wakinipa mkono macho yao yalikuwa kwenye lenzi. Wanawake wa mwani walisogea na mikono ina chumvi, "Bi Zuhura, hujambo?" Wakanyamaza kidogo. "Alhamdulillah. Na mguu?" Wakanyamaza tena. "Haya, Mungu ni mkubwa."

Nikataka kuwaambia kwamba hii si simu, hawasikilizani. Nikafunga mdomo. Nashukuru mpaka leo kwamba niliufunga.

Mzee Athumani aliufuta mkono kwenye kitambaa, akaufuta tena kwenye suruali, ndipo akanipa. Nikainama kama nilivyofundishwa. Hakuniuliza habari ya siku ile. Akaitazama kamera: "Shikamoo Bi Zuhura." Akangoja. "Baiskeli ya marehemu bado ninayo hapa, sijaiuza." Akangoja tena, akatikisa kichwa kama amejibiwa.

Bi Mwanakombo alikuwa amevaa khanga za kutokea. Aliushika mkono wangu akauvuta kuliko Rehema alivyowahi, nikakaza kushoto, kamera ikatulia.

"Wewe Zuhura!" akaiambia lenzi. "Umeniachia ukuta hausemi. Mtu unaondoka hata kwaheri?" Akangoja. Akapangusa macho. "Haya yamepita. Lakini mbuzi yangu ya nazi umeondoka nayo, na nimekuna nazi kwa kuazima mpaka nimechoka!"

Baraza zima likacheka na machozi yanatoka.

Nikafika kwa Bibi. Mafundi walikuwa wamekaa juu ya matofali na Mjomba, wakasimama bila kuambiwa. Mlango ulikuwa umerudishwa tu. Nikasimama pale, sikujua niingieje. Nyumba haina mtu. Lakini huingii kwa mtu hivihivi.

Nikapiga hodi.

Hakuna aliyeitika, bila shaka. Nikapiga tena. Nikangoja kidogo, nikasukuma mlango kwa mkono wa kulia, nikaingia taratibu. Chumba chake, kamba ya kutundikia khanga, jikoni na mafiga yake matatu, ua wa nyuma, ndoano ukutani alipokuwa akitundika ungo. Mimi mwenyewe nilikuwa natetemeka, wakuu, mabega, magoti, kidevu. Kamera haikutetemeka. Kila nusu ukucha niliyosogeza iliingia kazini pale.

Matone ya kwanza ya mvua yalinikuta nimetoka nje, na Mjomba akawaambia mafundi wasiguse kuti mpaka Bibi aseme.

Jioni tukamkalisha Bibi. Rehema akaleta beseni, Bibi akamwambia, "Lirudishe." Nikawasha. Kaswida sikuweka.

Wanawake wa mwani wakatokea. "Bi Zuhura, hujambo?"

"Sijambo," akasema Bibi, "sijui nyie."

"Alhamdulillah. Na mguu?"

"Mguu umepoa, ila sikio."

"Haya, Mungu ni mkubwa."

Mimi na Rehema tukatazamana. Wale watu wamesalimiana naye umri mzima. Wanajua atajibu nini na atachukua muda gani. Kila pale walipongoja, yeye aliingia, na hakuna aliyemkata mwenzake.

"Shikamoo Bi Zuhura."

"Marahaba Athumani. Umekonda, nani anakupikia?"

"Baiskeli ya marehemu bado ninayo hapa, sijaiuza."

"Usiiuze."

Na Mzee Athumani kwenye skrini akatikisa kichwa.

Kwa Bi Mwanakombo alilia wazi, wakalia pamoja, mmoja kitandani kwangu na mwingine barazani kwake. Habari ya mbuzi ilipofika akajifuta akapiga kelele: "Iko uvunguni mwa kitanda changu huku, waliniletea na vyombo! Mume wangu umpelekee!"

Kisha mlango wake ukajaa skrini nzima. Ukasikika mlio wa makuti na sauti yangu, nyembamba kama ya mtoto aliyetumwa.

"Hodi."

Hata mimi nilikuwa nimesahau kwamba pale hapakuitika mtu.

"Hodi."

Akavuta khanga kichwani akaiweka sawa.

"Karibu, mume wangu," akasema. "Pita ndani."

Na mlango ukafunguka.

Alitembea nyumba yote, mpaka ua wa nyuma. Ilipokwisha akaniambia nimpigie Kassimu. Mjomba alipopokea Bibi hakusalimia kwa urefu, akasema tu, "Nimeshaaga. Shusheni makuti."

Basi wakuu, ndiyo hivyo.

Nyumba imeshuka, ya matofali inapanda. Bibi ile video anaiomba kila baada ya siku kadhaa, na kila mara anawajibu, tena majibu anabadilisha. Juzi kamwambia Athumani amenenepa.

Nilichojifunza kwa upande wa kifaa: zima kwanza, vua mkanda na kifuniko, weka kila kitu kitakachokuwepo siku ya kupiga, ndipo ubalansi, na ukiongeza hata maiki anza upya. Ukitaka kujua kama umebalansi kweli, ishike kwa mkono mmoja. Kwa upande mwingine nilichojifunza ni ule mkono wa pili ni wa nini.

Mkuu Tripodi Moja, popote ulipo, Bi Zuhura anakusalimu. Nimemwambia wewe ndiye uliyeona kofia na mkufu. Kasema ukija Bagamoyo upite, atakuitikia mwenyewe. Shabani nakushukuru, begi sijalidondosha. Rehema, najua unasoma, shikamoo.

Wengine mwageni yenu hapa chini. Aliyewahi kumrekodia mzazi asiyeweza kusafiri, alifanyaje? Na mwenye njia rahisi ya kubalansi kile kiungo cha tatu aseme, bado kinanitesa. Ruksa kunicheka, nimeshazoea tangu habari za panadol.

Naomba tu msishangae nikichelewa kujibu. Kuna mbuzi ya nazi napeleka Mlingotini, na kutoka dukani mpaka kwa Bi Mwanakombo sasa hivi ni safari ya asubuhi nzima. Kila mlango wananisimamisha, kila mmoja mkono, na wote swali moja: Bi Zuhura hajambo?

Hajambo.